Anayepima Asiuze Dawa: Barua ya Wazi kwa Bodi Tatu za Ujenzi

Kwa:
Msajili, Bodi ya Usajili wa Wahandisi,
Msajili, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi,
Msajili, Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

YAH: UPIMAJI WA KUVU NA UNYEVU KATIKA NYUMBA ZA KUISHI

Waheshimiwa Wasajili,



Masika yakiisha, mafundi rangi wa Dar es Salaam huingia kwenye msimu wao. Watu husogeza makabati wakakuta ukuta wa nyuma umeota madoa meusi. Viatu vya ngozi vilivyowekwa tangu Idi vina unga wa kijani, na godoro la chumba cha wageni linanuka uvundo. Kwa miaka mingi tiba yetu imekuwa Jiki, brashi na ndoo ya rangi. Mwaka unaofuata madoa yanarudi palepale, nasi tunarudi dukani kununua ndoo nyingine.

Sasa kuna huduma mpya inayobisha hodi. Katika makundi ya WhatsApp ya mitaa na maghorofa yetu yanazunguka matangazo ya watu wanaokuja nyumbani "kupima fangasi". Anakuja kijana nadhifu na kifaa chenye taa, anakigusisha ukutani, kinalia. Mwingine anakuja na pampu ndogo ya kuvuta hewa ya chumbani. Baadaye unaletewa karatasi yenye majina ya Kilatini na tarakimu zilizokolezwa wino mwekundu, na chini ya karatasi hiyohiyo yapo makadirio ya gharama za kupuliza dawa nyumba nzima.

Sina ugomvi na upimaji. Nyumba zetu zinauhitaji, tena sana. Ninacholalamikia ni kwamba kazi hii inaingia kwetu bila leseni yake, na hakuna wa kumwuliza mpimaji alichopima ni nini na amekilinganisha na nini. Kabla sijaeleza kwa kirefu, ombi langu ni hili: wekeni kanuni kwamba anayepima kuvu nyumbani kwa mtu asiwe ndiye anayeuza dawa ya kuiondoa, na kwamba ripoti isiyosema maji yanatoka wapi isihesabiwe kuwa ripoti.

Nianze na kuvu ambayo Watanzania tunaijua kwa uchungu, ile ya nafaka. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula chakula chenye sumukuvu. Leo mfanyabiashara wa mahindi anajua kwamba kipo kiwango. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni, na aina ya B1 isizidi 5. Sampuli ikitoa jibu la 40, mjadala umekwisha, mzigo hauingii sokoni. Tarakimu ya maabara ina nguvu kwa sababu ipo tarakimu nyingine, iliyokubaliwa kabla ya sampuli kuchukuliwa, ya kuipima.

Hewa ya chumbani haina tarakimu hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake juu ya unyevu na kuvu majumbani mwaka 2009. Mwongozo ulikubali kwamba kuishi katika nyumba ya namna hiyo kunahusiana na kikohozi, kubanwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Haukuweka idadi ya vimbegu vya kuvu ambayo chini yake uko salama na juu yake uko hatarini; ulichosisitiza ni kuzuia unyevu na kuondoa kuvu iliyokwisha kuota. Mamlaka ya mazingira ya serikali kuu ya Marekani nayo haina kikomo cha vimbegu majumbani, na inawaambia wananchi wake bila kuzunguka kwamba mara nyingi, kuvu ikishaonekana kwa macho, kuchukua sampuli hakuna haja.

Sababu inaeleweka. Vimbegu vya kuvu viko kila mahali, ndani na nje, mvua na jua. Pampu ya mpimaji kwa kawaida huvuta lita 15 za hewa kwa dakika, kwa dakika tano au kumi, yaani lita 75 au 150. Chumba cha mita tatu kwa nne, chenye kimo cha mita 2.7, kina hewa lita zaidi ya 32,000. Mtoto akikimbia juu ya zulia dakika mbili kabla ya pampu kuwashwa, jibu linabadilika. Dirisha likifunguliwa, linabadilika tena. Huko kwenye darubini, vimbegu vya Aspergillus na vya Penicillium vinafanana kiasi kwamba maabara huvihesabu pamoja. Karatasi inayomwambia mama mwenye nyumba kwamba chumba chake kina "vimbegu 3,000" haijamwambia kitu mpaka ieleze nje kulikuwa na vingapi saa hiyohiyo, madirisha yalikuwaje, na mvua ilinyesha lini.

Sampuli ina mahali pake. Inafaa panaponuka uvundo lakini hapaonekani doa, inapotakiwa kwa shauri mahakamani, au kazi ya kusafisha inapomalizika na watu wanataka kujua kama imefanyika. Ila inafuata baada ya swali, na swali hilo huanza na macho, pua na tochi. Anayeanza na pampu anatafuta tarakimu ya kukutisha.

Tusidhani kwamba biashara ya hofu imeanzia kwetu. Kati ya mwaka 1993 na 1994, mjini Cleveland nchini Marekani, watoto wachanga walipatwa na ugonjwa wa kutokwa damu mapafuni, na uchunguzi ukaishuku kuvu nyeusi iitwayo Stachybotrys. Mwaka 2000 taasisi ya serikali inayodhibiti magonjwa iliupitia upya uchunguzi huo na kutangaza kwamba uhusiano huo haukuthibitishwa. Lakini hofu ilikuwa imeshasafiri. Mwaka 2001, katika mahakama ya Austin, jimbo la Texas, mwenye nyumba mmoja alipewa dola milioni 32 dhidi ya kampuni yake ya bima, kwa jinsi madai yake ya maji yaliyovuja yalivyoshughulikiwa hadi nyumba ikaliwa na kuvu. Rufaa iliikata sana fidia hiyo, lakini madai ya kuvu yalikuwa yameshafurika kwenye kampuni za bima, na kila mwenye pampu na bomba la dawa alikuwa amejipatia kazi.

Bunge la Texas lilitunga sheria mwaka 2003. Sheria ile iliweka leseni mbili, moja ya mkaguzi na nyingine ya msafishaji, na mtu haruhusiwi kufanya kazi zote mbili katika mradi mmoja. Mkaguzi anaandika mpango wa kazi. Msafishaji anaufuata. Kisha mkaguzi anarudi kuangalia, na mwenye nyumba anapewa cheti. Eneo dogo, chini ya futi za mraba 25 zilizoungana, yaani kama mita 2.3 za mraba, halihitaji mwenye leseni. New York nao waliweka katazo hilohilo kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2016. Florida ikamzuia mkaguzi kusafisha jengo alilolikagua ndani ya miezi 12 iliyopita.

Wenzetu hao wana mawakili na bima za nyumba; wengi wetu hatuna hata moja. Kwa hiyo sisi ndio tunaoihitaji kanuni hiyo zaidi, maana mtu akitapeliwa hapa hana pa kudai. Daktari mwenye duka la dawa mlangoni pake anaweza kuwa mwaminifu, lakini mgonjwa hatajua kamwe kama vidonge vile vilihitajika.

Hata hivyo, kanuni ya kuazima itakuwa hasara nyingine isipopimwa kwa hali ya hewa yetu. Mkaguzi wa nyumba za pwani lazima aijue pwani.

Chukueni mchana wa kawaida wa Dar es Salaam, Tanga au Unguja, wenye nyuzijoto 30 na unyevuhewa wa asilimia 75. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye nyuzi 25, inaanza kutona maji. Kuvu wala haisubiri matone. Inatosha unyevu wa hewa iliyogusana na ukuta ufike kiasi cha asilimia 80 na kudumu hapo. Kwa hewa ile ya nyuzi 30, ukuta wenye nyuzi 29 umeshafika. Nyuzi moja tu imetosha! Sasa wekeni kiyoyozi cha chumba cha masta kwenye nyuzi 18 usiku kucha. Ukuta unaopakana na stoo au korido isiyo na kiyoyozi unapoa hadi upande wa pili, nao unatoa jasho huko ambako hakuna anayeangalia. Mwenye nyumba anashangaa kwamba kuvu imeota stoo, mahali pasipo na bomba wala maji. Mkaguzi aliyesomea kwenye vitabu vya nchi za baridi atamwambia afungue madirisha, kumbe kuuingizia ukuta uliopoa hewa ya mchana wa Aprili ni kuuletea maji.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunywa unyevu na kuutoa tena. Tunapozipiga lipu ya saruji na kuzifunika kwa rangi ya mafuta tunaufungia unyevu ndani, halafu tunalaumu uzee wa nyumba.

Nyumba mpya nazo zina njia zao za kuingiza maji, na kila fundi mzoefu anazijua. Ya kwanza ni ardhi. Msingi uliojengwa bila karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu chini ya kuta na chini ya jamvi unavuta maji kwenda juu, na lipu inaanza kumenyuka kwa mstari uliolala usawa wa goti. Ya pili ni paa. Mtindo wa kontempo, wa kuficha bati nyuma ya ukuta, umetapakaa kuanzia Goba hadi Kigamboni, na kila nyumba ya namna hiyo ina mfereji uliofichwa juu ya dari. Mfereji ukiziba majani, au kiungo chake kikiachia, maji yanaingia ukutani kutoka juu na doa linatokea mita kadhaa mbali na tundu. Ya tatu ni bafu, hasa bomba lililozikwa ukutani kabla halijajaribiwa kwa presha. Ya nne ni kibomba cha maji ya kiyoyozi, ambacho kikiziba humwaga maji kimyakimya nyuma ya jipsamu. Ya tano ni mafuriko. Nyumba za Jangwani na Kigogo zinapokauka sakafu tunasema maji yameondoka, wakati tofali zimeyashika kwa wiki nyingi. Ushauri unaotolewa kote ni kukausha kilicholowa ndani ya saa 24 hadi 48. Ukuta wa tofali hauwezi, kwa hiyo usipakwe rangi mpaka upimwe na kuonekana umekauka.

Njia hizi tano zina tiba tano tofauti, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kupuliza dawa. Dawa inaweza kuua kuvu iliyo juu ya ukuta, lakini kuvu iliyokufa bado inaweza kuchokoza mzio wa mtu mwenye pumu, kwa hiyo ni lazima iondolewe kabisa. Na maji yakiendelea kuja, nyingine itaota juu ya maiti ya ile ya kwanza.

Nije kwenye kile kifaa kinacholia. Vipima unyevu vingi hupitisha umeme kidogo ukutani: penye unyevu umeme unapita kirahisi, kifaa kinapiga kelele. Lakini umeme hupita kirahisi vilevile penye chumvi, na pwani chumvi tunayo ya kumwaga. Mchanga wa baharini umetumika katika nyumba nyingi, upepo unaleta chumvi yake, na maji yanayopanda kutoka ardhini yanaiacha chumvi kwenye lipu yanapokauka. Ukuta mkavu wenye chumvi unaweza kukiliza kifaa sawasawa na ukuta uliolowa. Kamera ya joto nayo haioni maji. Inaona tofauti ya joto, na ni kazi ya anayeishika kujua kama rangi ya bluu kwenye kioo ni uvujaji au ni upepo wa kiyoyozi. Vifaa hivi ni vizuri mikononi mwa anayejua vinadanganya wapi.

Wapo hata wanaolipia dawa ya fangasi kwa kitu ambacho si fangasi. Ule unga mweupe kama pamba unaochomoza chini ya ukuta mara nyingi ni chumvi. Ukidondoshewa maji, chumvi inayeyuka, kuvu haiyeyuki. Jaribio hilo halina gharama yoyote, lakini mwuza dawa hana sababu ya kulionyesha.

Kuna tukio moja la Uingereza ambalo ningependa lisomwe katika kila mafunzo ya wakaguzi. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, alifariki mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Novemba 2022 uchunguzi wa mahakama ya vifo ulihitimisha kwamba alikufa kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi kwa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Baba yake alikuwa ameripoti tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba wenye dhamana ya nyumba walikuwa wepesi kudhani kuwa chanzo ni jinsi familia ile ilivyoishi na kuoga.

Kifungu cha sheria iliyotungwa mwaka 2023 kikabeba jina la mtoto huyo, na tangu 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za jamii nchini England wanapaswa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na kuvu ya hatari ndani ya siku 10 za kazi, kisha kuifanya nyumba iwe salama ndani ya siku nyingine 5 za kazi. Yale majibu mawili aliyopewa baba yule tunayatoa sisi kila siku. Mpangaji wa Sinza au Magomeni akilalamika, kwanza anaambiwa apake rangi, kisha anaambiwa anapika sana ndani, anaanika nguo ndani, hafungui madirisha. Pengine ni kweli. Mkaguzi asiye na maslahi ndiye wa kusema, baada ya kupanda darini.

Waheshimiwa, naomba mambo matano.

Kwanza, mtenganisho. Mtu au kampuni iliyopima kuvu au unyevu katika nyumba isiruhusiwe kuuza dawa, usafishaji wala ukarabati katika nyumba hiyohiyo kwa kipindi mtakachokiweka. Katazo hilo lifuate umiliki, ili mtu asipime kwa jina lake na kupuliza kwa jina la mkewe.

Pili, sura ya ripoti. Kila ripoti iseme maji yanatoka wapi, yameonekana kwa njia gani, na yazuiwe vipi. Iwe na picha, mchoro wa nyumba unaoonyesha vipimo vilipochukuliwa, na hali ya hewa ya siku ile. Penye sampuli ya hewa pawepo na sampuli ya nje ya saa hiyohiyo. Mkaguzi akishindwa kupata chanzo aandike hivyo, na aeleze panapotakiwa kubomolewa ili kionekane.

Tatu, orodha. Sidai taaluma mpya wala chuo kipya. Mnao wahandisi, wabunifu majengo na mafundi sanifu. Wapeni mafunzo mafupi ya unyevu wa pwani, wakifaulu muwaweke katika orodha ambayo mwananchi anaweza kuiangalia kwa simu. Fundi wa mtaani asifungiwe mlango: mkaguzi aandike kinachotakiwa, na fundi yeyote anayeaminika akifanye. Kazi ikiisha, mkaguzi yuleyule arudi athibitishe.

Nne, ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa mwenye nyumba, wa kumweleza lini asipoteze fedha kupima. Doa dogo ambalo chanzo chake kinajulikana, kama dirisha linalopitisha mvua, halihitaji maabara. Zibeni tundu, kausheni, sugueni kwa maji na sabuni mkiwa mmeziba pua na mdomo kwa barakoa nzuri, mkimaliza subirini masika. Penye mtoto mwenye pumu, au mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, atakayesugua awe mtu mwingine na mgonjwa awe nje ya nyumba.

Tano, kipindi cha uangalizi wa kasoro. Mikataba ya kujenga humpa mwenye nyumba muda wa kumrudisha mkandarasi kasoro zikionekana, na mara nyingi ni miezi sita. Nyumba iliyokabidhiwa Juni kwa muda huo inamfungua mkandarasi Desemba, kabla paa na msingi havijaonja masika hata mara moja. Agizeni kwamba kipindi hicho, kwa nyumba ya kuishi, lazima kiwe na masika kamili ndani yake, na kwamba kabla hakijafungwa ufanyike ukaguzi wa unyevu. Kanuni hii moja itazuia kuvu nyingi kuliko dawa zote zilizoko madukani, kwa sababu itamfanya mkandarasi aikumbuke ile karatasi ya nailoni siku anayomwaga jamvi.

Najua majibu yanayoweza kuja. Litakuwapo la kwamba kuvu ni suala la afya, lipelekwe wizara nyingine. Madhara ni ya afya, ndiyo. Lakini chanzo ni maji yaliyoingia jengoni kwa sababu ya mchoro, kifaa au kazi ya mtu, na mbunifu, mhandisi na mkandarasi wa jengo wamesajiliwa kwenu. Daktari wa Muhimbili anaweza kutibu kifua cha mtoto. Hawezi kuziba mfereji uliofichwa juu ya dari.

Litakuwapo la kwamba mna mambo mazito zaidi. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na ni haki macho yenu yawe kwenye nguzo na zege. Lakini maji yanayolisha kuvu ndiyo yanayolisha kutu ya nondo. Katika hewa yenye chumvi, nondo ikishika kutu inavimba, inapasua zege kutoka ndani, na dalili zake huanza kama doa la unyevu ambalo fundi rangi amelifunika mara tatu. Mkaguzi wa unyevu anayeingia majumbani atawaletea habari za nguzo mapema kuliko mkaguzi mwingine yeyote.

Na litakuwapo la gharama, kwamba kanuni zitaifanya huduma iwe ghali. Mwenye nyumba wa leo analipa mara tatu: analipia upimaji, analipia dawa, na analipia rangi mwaka unaofuata. Akimlipa mkaguzi mmoja asiye na cha kuuza, akaambiwa tatizo ni kiungo cha mfereji cha shilingi elfu chache, amepata nafuu. Na akiambiwa habari mbaya, kwamba msingi hauna kizuizi cha unyevu na kazi ni kubwa, angalau ataamini kwamba anayesema hapati kitu kwa kusema hivyo.

Wapimaji wenyewe, wale waaminifu, watanufaika pia. Sasa hivi kijana aliyenunua kifaa kizuri na kujifunza kukitumia anashindana na mwenye bomba la dawa anayetoa upimaji bure. Upimaji wa bure ndio ghali kuliko wote, kwa maana bei yake imefichwa ndani ya dawa. Mkiutenganisha, mwenye ujuzi atalipwa kwa ujuzi wake.

Bodi zenu tatu zikikaa pamoja, naamini rasimu ya mwongozo wa kurasa chache inaweza kuwa mezani kabla ya masika yajayo, itangazwe ili wenye nyumba, wapangaji, mafundi na wapimaji waitolee maoni. Mkiona nimekosea katika lolote kati ya haya matano, nijibuni hadharani kama nilivyoandika hadharani, ili wasomaji wengine wapime. Mkikubaliana nami hata kwa lile la kwanza peke yake, lianzeni hilo, mengine yatalifuata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye nyumba,
Dar es Salaam.